Utafutaji wa Fosfeti Maeneo ya Mbali: Kwa Nini Tani Ndiyo Takwimu Dhaifu Kuliko Zote

Katikati ya mwaka 2023 vyombo vya habari vya Ulaya vilitangaza kwamba kampuni ya Norge Mining imebaini, kusini-magharibi mwa Norway, hazina ya fosfeti, mwamba unaotengenezewa mbolea, inayoweza kufikia tani bilioni 70, kiasi kinachokaribia kulingana na akiba ya dunia nzima kama inavyoorodheshwa kila mwaka na Idara ya Jiolojia ya Marekani. Habari hiyo ilienea haraka, ikiambatana na madai kwamba mahitaji ya dunia yangetoshelezwa kwa miongo mingi ijayo. Kilichopotea njiani ni maelezo mafupi yenye uzito mkubwa: zile tani bilioni 70 zilikuwa tani za mwamba wenye madini kadhaa, apataiti (madini yanayobeba fosforasi) ikiwa mojawapo pamoja na madini ya titani na vanadi, ilhali akiba katika orodha ya Marekani hukusudiwa kuwa kile kinachoweza kuchimbwa kwa faida na kupelekwa sokoni. Kulinganisha takwimu hizo mbili ni sawa na kutolinganisha chochote, na bado ulinganisho huo ndio uliobeba vichwa vya habari.

Mfano huo wa Norway unatoka katika nchi yenye bandari, umeme na barabara. Kosa hilohilo linapofanyika mahali pasipo na lolote kati ya hayo, athari zake huwa kubwa zaidi, kwa sababu tangazo la tani nyingi ndilo pekee linaloweza kumvutia mwekezaji ambaye hatafika kamwe kwenye kambi ya utafiti. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba katika utafutaji wa fosfeti tani ndiyo takwimu iliyo rahisi kupatikana na ndiyo inayoeleza machache. Hatima ya hazina huamuliwa na uchafu uliomo ndani ya mwamba na umbali wa kuufikisha kwa mtumiaji, na mambo hayo mawili yanapaswa kuchunguzwa mwanzoni, wakati fedha zilizokwisha kutumika bado ni kidogo, badala ya kuachwa hadi mashimo mamia yamechorongwa.

Urahisi wa kupata tani unatokana na jinsi fosfeti yenyewe ilivyojengeka. Zaidi ya robo tatu ya fosfeti inayochimbwa duniani hutoka kwenye miamba ya mashapo ya bahari za kale. Mwaka 1937 mwanasayansi wa Kisovieti A. V. Kazakov alieleza kwamba maji baridi ya kilindini, yaliyojaa virutubisho, yanapopanda hadi kina kifupi pembezoni mwa bara, fosforasi hujitenga nayo na kutulia chini. Waliomfuata waliyarekebisha maelezo yake ya kikemia, wakionyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi hufika kwenye tope la bahari ikiwa ndani ya mabaki ya viumbe, lakini wazo la maji yanayopanda limedumu. Mashapo ya namna hiyo hutandazwa kama mkeka, yaani huwa membamba na mapana mno. Tabaka lenye unene wa mita moja tu, likienea katika eneo la kilomita kumi kwa kumi, lina mita za ujazo milioni 100, na kwa uzito wa tani mbili kwa kila mita ya ujazo tunapata tani milioni 200. Mashimo machache yaliyoachana kwa kilomita kadhaa yanatosha kutoa tarakimu hiyo, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Hesabu hiyo, hata hivyo, haisemi iwapo tabaka limefunikwa na mita tano za udongo laini au mita sitini za chokaa ngumu, wala haisemi chochote kuhusu kemia ya jiwe lenyewe.

Kabla ya kufika kwenye kemia ni haki kukiri kwamba sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya kuamua pa kutafuta, ina misingi mizuri na gharama nafuu. Mwaka 1964 mjiolojia wa Marekani Richard Sheldon alionyesha kwamba fosfeti nyingi za bahari za kale zilijengeka katika latitudo za chini, ndani ya takriban nyuzi 40 kutoka ikweta, mabara yakirudishwa kwenye nafasi zake za wakati huo. Zipo pia enzi za kijiolojia ambazo fosfeti ilijengeka kwa wingi kuliko nyingine: Kambria, iliyoacha hazina za Australia, Yunnan huko China na Karatau huko Kazakhstan, Permi, iliyoacha zile za Idaho na Wyoming, kipindi cha kutoka mwisho wa Kretasia hadi Eosini, kilichoacha ukanda mrefu unaoanzia Moroko, ukapitia Tunisia, Misri na Yordani hadi Iraki, na Miosini, iliyoacha hazina za Florida. Anayetazama eneo la mbali lisilo na ramani za kina anaweza kuondoa sehemu kubwa ya eneo hilo kwenye orodha yake kwa kuuliza tu umri wa miamba, ilikuwa latitudo gani, na kama pembezoni mwa bahari hiyo palikuwa na kina kifupi kilichokuwa wazi kwa maji ya kilindini.

Aina ya pili ya hazina ni ile iliyotokana na magma, hasa miamba iitwayo kabonataiti, ambayo mara nyingi hujitokeza kama vilima vya mviringo na huonekana vizuri katika vipimo vya usumaku kwa sababu ya magnetaiti iliyomo. Mahali ambako mvua na joto vimeuozesha mwamba huo kwa muda mrefu, chokaa yake huyeyuka na kuondoka, na apataiti, ambayo ni sugu zaidi, hubaki ikiwa imejilimbikiza katika udongo wa juu. Sukulu nchini Uganda na Araxá nchini Brazili ni mifano inayojulikana. Aina ya tatu, ndogo kwa wingi lakini kubwa katika historia, ni mabaki ya ndege na samaki katika visiwa na maziwa ya kale.

Historia ya ugunduzi wenyewe inaonyesha jinsi hatua hii inavyotegemea umakini kuliko mtaji. Fosfeti ya Gafsa, kusini mwa Tunisia, iligunduliwa mwaka 1885 na Philippe Thomas, daktari wa mifugo wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa na mapenzi ya jiolojia. Fosfeti ya Nauru ilitambuliwa baada ya Albert Ellis, mwaka 1899, kulipima jiwe lililokuwa likitumika kuzuia mlango katika ofisi ya kampuni yake mjini Sydney, jiwe lililodhaniwa kuwa kipande cha mti uliogeuka mwamba. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, ilipatikana mwaka 1956 katika upimaji wa angani uliokuwa ukitafuta urani. Chini palikuwa na mifupa ya mnandi na samaki wa ziwa la kale. Na hazina ya Duchess huko Queensland, mojawapo ya kubwa za Australia, iligunduliwa mwaka 1966 wakati wajiolojia wa kampuni ya Broken Hill South walipofuatilia dalili za fosfeti katika sampuli za visima vilivyochorongwa kutafuta mafuta. Tabaka lenyewe lilikuwa limekwisha kuchorwa kwenye ramani na kupewa jina miaka kadhaa kabla ya hapo. Kilichokuwa hakijafanyika ni kulipima.

Kwamba tabaka zima la fosfeti linaweza kukanyagwa na wataalamu bila kutambuliwa si jambo la ajabu. Mwamba wa fosfeti hauna rangi yake maalumu. Unaweza kuwa mweusi, kahawia, kijivu au mweupe, na mara nyingi hudhaniwa kuwa chokaa, mchanga ulioshikamana au jiwe la tope. Ndiyo maana chombo chenye manufaa kuliko vyote porini bado ni chupa ndogo ya amoniamu molibdati iliyochanganywa na asidi ya nitriki, ambayo tone lake hugeuka njano likigusa jiwe lenye fosfeti. Vipima mionzi ya gama husaidia pia, kwa kuwa fosfeti ya bahari kwa kawaida huwa na urani ya sehemu 50 hadi 200 kwa milioni, atomi za urani zikichukua nafasi ya kalsiamu ndani ya apataiti. Hata hivyo mionzi hiyo haitoki zaidi ya takriban nusu mita chini ya ardhi, maji ya mvua yanaweza kuiosha urani na kuiacha fosfeti, na granaiti nyingi hutoa mionzi bila kuwa na fosfeti yoyote ya maana. Anayeitegemea ndege peke yake atachoronga mahali pasipo na kitu na kupita juu ya mahali penye kitu.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Ubora wa fosfeti huelezwa kwa asilimia ya oksaidi ya fosforasi, P2O5, na mwamba unaouzwa katika soko la kimataifa huwa na takriban asilimia 28 hadi 36. Maabara ikirudisha jibu la asilimia 30, kambi nzima hufurahi, na kwa kawaida hapo ndipo bajeti ya kuchoronga huongezwa. Lakini asilimia hiyo haielezi fosforasi imeshikamana na nini. Katika maeneo yaliyoozeshwa sana na hali ya hewa, kalsiamu huondoka na alumini kuchukua nafasi yake, na madini kama krandalaiti huchukua nafasi ya apataiti. Fosfeti ya alumini ya Thiès nchini Senegali na tabaka za juu za Christmas Island ni mifano ya mbale, yaani mwamba wa kuchimbwa, yenye P2O5 ya kutosha kabisa kwenye karatasi, ambayo kiwanda cha kawaida cha asidi hakiwezi kuitumia. Jibu la maabara lingekuwa lilelile; thamani ya mwamba ni tofauti kabisa. Kipimo cha miale ya eksi kinachotambua aina za madini kingefichua tofauti hiyo kwa sampuli chache, na sioni sababu ya kutokifanya katika wiki za kwanza.

Hata mbale iwe apataiti safi, kilichochanganyika nayo kina uamuzi mkubwa. Chokaa ikizidi, hula asidi bila kuzalisha kitu. Ndiyo maana wanunuzi hutazama uwiano wa oksaidi ya kalsiamu kwa P2O5, na uwiano ukipita takriban 1.6 huanza kunung'unika. Oksaidi ya magnesi ikipita asilimia moja hivi, asidi inayopatikana huwa nzito na yenye mnato, vichujio huziba, na mbolea hubadilika sifa. Oksaidi za chuma na alumini huacha tope na kuifanya asidi iwe ngumu kutunza. Klorini, ambayo ni tishio katika majangwa yenye chumvi, hula mitambo. Kadmiamu nayo imekuwa suala la sheria: tangu Julai 2022 kanuni za Umoja wa Ulaya zinaweka kikomo cha miligramu 60 kwa kila kilo ya P2O5 katika mbolea za fosfeti zinazobeba alama yake ya ubora, na hazina kadhaa za miamba ya mashapo huzidi kiwango hicho. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoonekana kwa macho, na hakuna kinachotajwa katika tangazo la tani.

Ulinganisho na hazina za magma unaliweka jambo hili wazi kuliko maelezo marefu. Mgodi wa Siilinjärvi nchini Ufini umekuwa ukichimbwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mbale yenye takriban asilimia nne tu ya P2O5. Mtu asiyejua angesema huo ni mwamba wa kutupa. Lakini chembe za apataiti zake ni kubwa na safi, hujitenga kwa urahisi zinapochenjuliwa kwa mapovu, yaani zinapotenganishwa na uchafu wa mwamba, na zao linalopatikana hupita asilimia 35, likiwa na kadmiamu kidogo mno. Wakati huohuo zipo hazina za mashapo zenye asilimia 18 au 20 ambazo zimekaa bila kuguswa kwa miongo mingi, kwa kuwa dolomaiti, madini ya chokaa yenye magnesi, imesokotana na fosfeti katika chembe ndogo kiasi kwamba kuzitenganisha kungegharimu kuliko bei ya zao. Asilimia nne zilizochimbwa na asilimia 20 zilizoachwa ni ushahidi kwamba swali la uchenjuaji linatangulia swali la wingi.

Uchenjuaji una mahitaji yake, na hapa umbali huanza kujionyesha. Kuchenjua kwa mapovu kunahitaji maji mengi, na maji ya chumvi huvuruga kemikali zinazotumika. Kuoka mwamba ili kuondoa chokaa kunahitaji nishati, na pia hupunguza uwezo wa fosfeti kuyeyuka udongoni. Kusafirisha mbale bila kuichenjua ni kulipa nauli ya uchafu: katika mwamba wenye asilimia 20 ya P2O5, karibu nusu ya mzigo si apataiti bali kitu kingine kilichobebwa bure. Kwa hiyo kisima cha maji kilichochorongwa na kupimwa kwa uangalifu mapema kinaweza kuwa na thamani kuliko mashimo kadhaa ya kuongeza tani. Nasema hivi nikijua kwamba hakuna gazeti litakaloandika habari ya kisima.

Kuhusu usafiri, historia haina huruma. Kampuni iliyoundwa mwaka 1897 kuchimba fosfeti ya Gafsa iliitwa Kampuni ya Fosfeti na Reli ya Gafsa, na jina hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa mzigo wa maana haukuweza kutoka mpaka reli ya kwenda bandari ya Sfax ilipokamilika mwaka 1899, miaka 14 baada ya Thomas kuona alichokiona. Fosfeti ya Bou Craa, Sahara Magharibi, ilitambuliwa mwaka 1947 na mjiolojia wa Kihispania Manuel Alía Medina, lakini ilianza kusafirishwa nje mapema miaka ya 1970 tu, baada ya kujengwa mkanda wa kubebea mzigo wa takriban kilomita 100 kutoka jangwani hadi pwani. Fosfeti ya kaskazini mwa Saudi Arabia ilijulikana tangu miaka ya 1960. Ilianza kuchimbwa kwa wingi karibu mwaka 2011, pale reli ya zaidi ya kilomita elfu moja ilipoifikisha kwenye viwanda vya Ras Al Khair katika Ghuba, na reli hiyo ililipiwa na dola lenye fedha za mafuta.

Queensland inafundisha zaidi. Hazina ya Duchess, iliyogunduliwa mwaka 1966, ilianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1970, wakati bei ilikuwa imepandishwa mara kadhaa na wauzaji wakubwa, na uchimbaji ukasimama mwaka 1978 baada ya soko kulegea. Kiwanda kikubwa cha mbolea mahali hapohapo, panapoitwa Phosphate Hill, kilianza kazi karibu na mwaka 2000. Kilichobadilika katika miaka hiyo yote hakikuwa wingi wa mwamba. Kilichobadilika ni kwamba bomba la gesi asilia lilifika katika eneo hilo, gesi inayohitajika kutengenezea amonia, na kiyeyushio cha shaba cha Mount Isa kikaanza kuzalisha asidi ya salfuriki kutokana na moshi wake. Ili kupata tani moja ya P2O5 katika asidi ya fosforiki, kiwanda hutumia takriban tani mbili na nusu hadi tatu za asidi ya salfuriki na kubakiwa na takriban tani tano za jasi isiyo na soko. Bila jirani mwenye asidi, salfa ingepaswa kuletwa kutoka mbali. Mtafutaji mwenye busara katika eneo la mbali angechora ramani mbili, moja ya miamba na nyingine ya reli, gesi, asidi na maji yaliyopo au yanayopangwa, kisha aziweke moja juu ya nyingine kabla ya kuomba leseni.

Ipo njia fupi zaidi ambayo makampuni makubwa huidharau kwa kuwa haina tani za kujivunia. Baadhi ya fosfeti, hasa zile zilizotokana na viumbe au ambazo apataiti yake ina kaboneti nyingi, huyeyuka kwa kiasi cha kuridhisha zikisagwa tu na kutiwa katika udongo wenye uchachu, ule wenye pH chini ya 5.5 hivi. Minjingu iko katika kundi hilo, na Tilemsi nchini Mali pia. Kipimo chake ni rahisi: mwamba uliosagwa huwekwa katika asidi ya sitriki au ya fomiki ya asilimia mbili, na kiasi cha fosforasi kinachoyeyuka hulinganishwa na kiasi chote. Hazina ya tani milioni tano inayofaulu kipimo hicho, ikiwa jirani na mashamba yenye udongo wa aina hiyo, inaweza kuanza kuuza ndani ya muda mfupi na kwa mitambo ya kusagia peke yake, wakati jitu la tani milioni 500 linasubiri reli. Haifai kila zao wala kila udongo, na katika udongo wenye chokaa haifanyi kazi kabisa, lakini kutoipima ni uzembe, kwani gharama yake ni ndogo mno.

Bei nayo huwapotosha watafutaji kwa mzunguko unaojirudia. Mwaka 2008 bei ya mwamba wa fosfeti wa Moroko ilipanda hadi kupita dola 400 za Marekani kwa tani, na mwaka uliofuata ikarudi chini ya dola 100. Leseni nyingi huombwa wakati wa kilele. Matokeo ya uchorongaji hurudi wakati wa bonde. Hazina ambayo inaweza kusimama tu kwa bei ya kilele haipaswi kuitwa akiba, na kanuni za utoaji taarifa, mfano ile ya JORC ya Australia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, zinatenganisha kwa makusudi rasilimali zinazokisiwa, zile zilizothibitishwa zaidi, na akiba inayoweza kuchimbwa kwa faida. Msomaji wa kawaida hupewa jumla ya vyote.

Hata takwimu rasmi za mataifa hazijasalimika. Mwaka 2010 taarifa ya Kituo cha Kimataifa cha Maendeleo ya Mbolea, IFDC, ilipitia upya maandishi yaliyokuwepo na kuikadiria akiba ya Moroko kuwa takriban tani bilioni 50, wakati orodha ya Marekani ilikuwa ikiitaja kuwa bilioni 5.7, mwaka uliofuata orodha hiyo ikaikubali tarakimu mpya, na hofu iliyokuwa imeenea kwamba fosfeti ya dunia ingefikia kilele chake karibu mwaka 2033 ikapoteza msingi wake. Iraki ilikwenda upande wa pili: iliandikwa kuwa na tani bilioni 5.8, kisha ndani ya muda mfupi ikashushwa hadi chini ya milioni 500. Katika nchi zote mbili miamba ilibaki palepale. Kilichohama ni maana ya tarakimu.

Uchorongaji wenyewe una mtego mmoja unaostahili kutajwa. Fosfeti nyingi ni laini au zina chembe zisizoshikamana, na mashine inayopuliza hewa kwa nguvu huweza kupoteza vumbi laini lenye fosfeti au, kinyume chake, kupoteza udongo wa mfinyanzi na kuifanya mbale ionekane tajiri kuliko ilivyo. Mashimo machache ya kutoa mche mzima wa mwamba, yaliyochorongwa kando ya mashimo ya hewa ili kulinganisha, ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote, pamoja na sampuli za rudufu na zile za kiwango kinachojulikana zinazopenyezwa maabara bila kutambulishwa.

Linabaki suala la wenyeji, ambalo katika taarifa nyingi hupewa aya moja karibu na mwisho. Kisiwani Banaba, katika Bahari ya Pasifiki, Mei 1900, Ellis alisaini na watu aliowachukulia kuwa wenye mamlaka mkataba wa kuipa kampuni yake haki ya kuchimba fosfeti kwa miaka 999, kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka. Uchimbaji ulikoma mwaka 1979, sehemu kubwa ya kisiwa ikiwa imeondolewa udongo, na wengi wa Wabanaba walikuwa wamehamishiwa Rabi huko Fiji tangu Desemba 1945. Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1989 kuhusu ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1993. Tofauti kati ya wakati huo na sasa ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini, kwa sababu mkataba wa ardhi bado husainiwa mapema, upande mmoja ukijua kilichopatikana na mwingine ukiwa haujui. Fosfeti ya tabaka jembamba huchimbwa kwa kuondoa uso wote wa ardhi, kipande baada ya kipande, na hivyo malisho, visima na makaburi vimo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Majibu ya maabara, yakiwemo yale ya urani na kadmiamu, yanapaswa kuwafikia wenyeji kwa lugha wanayoielewa kabla ya mazungumzo ya fidia, na kampuni inayoona sharti hilo kuwa zito inajieleza yenyewe.

Mamlaka zinazotoa leseni zina uwezo wa kubadilisha mwenendo huu bila kutunga sheria mpya. Zinaweza kudai kwamba taarifa ya mwaka wa kwanza iwe na uchambuzi kamili wa oksaidi na elementi hatarishi, utambuzi wa aina za madini, kipimo cha uyeyukaji, jaribio dogo la uchenjuaji, na makadirio ya gharama ya kubeba tani moja hadi kwa mnunuzi wa karibu, kabla ya kuruhusu tangazo lolote la tani. Zinaweza pia kudai kwamba miche ya mwamba na mabaki ya sampuli yasitupwe leseni inapomalizika, bali yakabidhiwe ghala la umma na kuorodheshwa kwa kina, yakiwemo yale ya visima vya maji na vya mafuta ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na fosfeti. Ghala la namna hiyo linahitaji paa, rafu, mtunzaji anayelipwa kwa wakati na daftari linaloeleweka, na mtafutaji atakayekuja baada ya miaka 20 akiwa na chupa yake ya molibdati anaweza kulimaliza eneo zima kwa muda mfupi kabla hajakodi hata gari moja.